Kumfufua Mke Wangu

Nikiri mapema, kabla hamjasikia kwa wengine: mimi ndiye niliyemuua mke wangu. Nilimuua mchana kweupe, nimekaa kwenye kiti cha serikali, kwa neno moja tu, na nilipomaliza nikatia sahihi yenye mkia mrefu.

Ndugu zangu wa Tunduma mnanijua. Mimi Osia, fundi cherehani, ndiye yule ambaye akienda Mbeya mjini anaaga majirani utadhani anakwenda Hija. Kama si Mujinga, ningezeeka pale barazani na futi yangu shingoni. Mujinga ndiye mke wangu, na tafadhali msicheke. Kwa Waluba ni jina la heshima, hupewa mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzunguka. Alikuwa akija Tunduma kupitia Zambia kununua vitenge, akasimama mbele ya mashine yangu nimkunjie pindo. Safari ya tatu nikamkunjia pindo ambalo halikuhitaji kukunjwa. Mengine mnayajua. Lakini mama yake alikuwa mgonjwa wa miguu huko Likasi, mtaa wa Panda, na hakuwa na mtu mwingine. Wanaume wengine huoa wakaondoka na mke. Mimi niliondolewa, pamoja na cherehani yangu.

Ilikuwa ile miaka mibaya ya Zaire. Kampuni ya shaba ilikuwa inazimika idara moja baada ya nyingine, mishahara imekuwa hadithi. Mimi kazi sikukosa: watu walileta suruali zipunguzwe viuno. Jamaa mmoja alinirudishia suruali ileile mara tatu, mpaka mifuko ya nyuma ikagusana.

Sasa sheria ya wageni ilikuwa hivi. Mgeni aliyeoa raia anaomba kibali cha kukaa muda mrefu, na kibali hicho kinasimama juu ya mke wake kama meza juu ya mguu mmoja. Mke akiwepo, unakaa. Mke asipokuwepo, una siku thelathini uwe umeondoka. Tulikuwa tumeshaandikishwa ndoa komuni ya Panda, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, na wiki yangu ya pili mjini nikaitwa ofisi ya wageni kuhojiwa. Mujinga alitaka tuende wote. Nikamwambia, "Kaa na mama. Nina kidato cha nne mimi. Kwani si Kiswahili?"

Karani alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Akauliza, "Bibi yako iko wapi?"

Kwetu, jamani, bibi ni nani? Ni mama yake mama. Bibi yangu ndiye aliyenilea, na alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nikashangaa wameijuaje habari yangu, nikaguswa, machozi yakanilenga.

"Alifariki," nikasema.

"Ooo, pole sana. Alikuwa na miaka ngapi?"

"Themanini na ushee."

Akanitazama juu ya miwani. "Na mulikuwa munaishi muzuri?"

"Vizuri sana. Alinibeba mgongoni. Asubuhi ananipikia uji, jioni ananiogesha. Mpaka nimekuwa mkubwa hivi."

Karani alivua miwani, akaifuta, akaandika kila neno. Mwishoni akaniwekea karatasi ya Kifaransa. Juu yake palikuwa na neno VEUF. Nikaona ni neno fupi, na neno fupi litamdhuru nani? Nikasaini. Nikapewa kadi ya muda, nikaitia kwenye droo ya cherehani, nikarudi kwa mke wangu nikamwambia serikali ya kwao ina watu wenye huruma.

Baada ya miezi miwili ikaja barua kutoka Lubumbashi. Mujinga, anayesoma Kifaransa, akaisoma akiwa amesimama mlangoni, halafu akaketi, akaisoma tena.

"Osia," akasema taratibu, "minye nilikufa siku gani?"

Barua ilisema hivi: kwa kuwa mke amefariki, haki ya kukaa imekwisha. Tena umri wa marehemu alioutaja mume haulingani hata kidogo na umri ulioandikwa kwenye cheti cha ndoa, kwa hiyo cheti chenyewe kina mashaka. Mhusika aende Lubumbashi kujieleza, ama sivyo ndani ya siku thelathini awe nje ya nchi. Na barua yenyewe ilikuwa imetembea siku kumi na tisa.

Hapo ndipo nilipofundishwa, kwa sauti ambayo Mama Ngalula, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliisikia yote, kwamba kwao bibi ni mke, mama yake mama wanamwita nkambo, na lile neno fupi, VEUF, ni mwanamume aliyefiwa na mke.

Jumatatu saa mbili asubuhi, komuni ya Panda. Tulikwenda kutafuta cheti cha kuonyesha kwamba Mujinga yu hai. Mtunza rejista, Papa Mwepu, alimjua tangu hajaota meno.

"Balisema ulikufa?" akamuuliza.

"Njo balisema."

"Na weye ulisikia namna gani?"

"Minye siku ile nilikuwa ku soko."

Papa Mwepu akacheka mpaka akashika meza. Lakini cheti kilihitaji kupigwa taipu, na utepe wa mashine ulikuwa umekatika vipande viwili. Utepe mwingine haukuwepo Panda nzima, labda Likasi nzima. Aliyasema hayo kwa upole wa mtu aliyezoea kukosa vitu. Mujinga akanitazama. Nikaukagua utepe: pamba tupu, kama ukanda wa gauni. Nikatoa sindano yangu nyembamba kuliko zote, ambayo huwa naichomeka ndani ya ukosi wa shati, nikaushona kwa uzi mweusi, mishono midogo ya kulala ili upite kwenye mashine bila kukwama. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi hadi kwenye kifundo. Ukapita. Karatasi nayo hapakuwa, tukapigiwa kwenye mgongo wa fomu ya zamani ya posho ya unga. Kila mshono wangu ulipofika, herufi ilitoka doa. Bahati ikapenda mshono uangukie katikati ya neno lenyewe la "hai", VIVANTE, ikamezwa ile V ya pili.

"Inasomeka," akasema Papa Mwepu, akagonga muhuri kwa nguvu. "Mutu mwenye kuwa na akili atasoma."

Jumanne alfajiri, barabara ya Lubumbashi. Mama Ngalula alichukua jukumu la kumpikia mama mkwe na kulinda cherehani. Dereva wa lori la makaa alikuwa mteja wangu, niliwahi kumshonea kiti chote. Mujinga akapewa nafasi mbele, mimi nikapanda juu ya magunia. Mtu wa kukaa nyumbani akipanda juu ya makaa hujua kwamba alikuwa sahihi kukaa nyumbani. Lami ilikuwa imebaki visiwa, na dereva alikuwa akivikwepa visiwa hivyo kwa kuwa kingo zake zilikata matairi. Tulipovuka Lufira wanawake walikuwa wamepanga samaki wa kukaushwa kandokando ya daraja, na ile harufu ilipanda mpaka kwangu, nikasahau kwa dakika mbili kwamba nafukuzwa nchini. Niseme kweli, nchi ile ni nzuri. Miti imesimama kwa adabu, vichuguu virefu kuliko nyumba yangu ya Tunduma, na upepo wa asubuhi unakupiga usoni kama maji.

Lwisha, saa sita kasoro. Kizuizi. Askari mmoja kijana akataka karatasi zangu, nikampa ile kadi ya muda. Akasoma, uso ukabadilika.

"Veuf. Pole, papa."

"Asante."

Akachungulia mbele. "Na huyu mama?"

"Mke wangu."

"Ah! Ule mwingine bahajamaliza ata matanga, weye ulishapata huyu?"

Mujinga akatoa kichwa dirishani. "Minye njo ule mwingine."

Askari akarudi nyuma hatua moja. "Mama, ulirudia?"

"Nilirudia juu ya kumuchunga. Hajue kujichunga huyu."

Askari akawaita wenzake wawili waje wamwone marehemu. Walimsalimia kwa mkono mmoja mmoja, kwa heshima kabisa, wakainua mti wa kizuizi. Mimi nilikuwa mweusi kwa makaa kiasi kwamba mmoja aliniuliza kama na mimi nilikuwa nimezikwa.

Lubumbashi tulifika alasiri, tukashukia Katuba kwa Tantine Véro, mdogo wake mama mkwe. Habari zilikuwa zimetutangulia, sijui kwa miguu ya nani. Alimpapasa Mujinga mashavu, akamgeuza, akauliza kwa sauti ya kusikika njiani, "Mufu anakulaka bukari?"

"Anakulaka, tantine. Paka nyama njo hatake."

Paka, kwao, maana yake ni "tu". Nawaambia mapema, maana mimi miezi ya kwanza nilikuwa nasikia paka kila mahali na nilikuwa nakitazama chakula mara mbili. Tukaletewa bukari, ambayo ni ugali wetu uleule ila mlaini zaidi, na sombe, kisamvu chetu, iliyopondwa vizuri. Nilikula kama mtu anayeaga.

Tulipokuwa tunanawa, Mujinga hakuwa anacheka tena. Akaniambia, bila kunitazama, "Osia, ujue mbele. Bakikufukuza, minye sitakufuata. Mama iko. Miguu yake haitaweza lori."

"Najua."

"Haukujua. Ungejua, ungeniita tuende wote. Weye unaonaka haya ya kuuliza. Kufukuzwa, haya haiko?"

Nikammiminia maji mikononi, na safari hii sikutafuta jibu la kuchekesha. Siku tisa zilikuwa zimebaki.

Jumatano saa moja na nusu, ofisi. Tulikuta benchi limejaa: Mgiriki mmoja mzee, Wazambia wawili, mama wa Angola na kapu lake. Mkuu alikuwa mwanamke mnene, miwani yake ina mguu mmoja na upande wa pili kamba, wote wakimwita Mama Shefu. Saa tano akafungua faili, akainua kichwa.

"Mujinga ni nani?"

"Mimi," nikasema, nikasimama.

Sijui kwa nini. Nilikuwa nimejiita hivyo njia nzima, tangu Lufira, na mtu akiulizwa ghafla husema lililo juu. Benchi lote liliangua kicheko, hata Mgiriki. Mujinga akaja akanivuta shati nikae, akasimama yeye.

Mama Shefu akamtazama toka kilemba hadi viatu. Akarudi kwenye faili. "Mama, muko na miaka ngapi?"

"Makumi mbili na tisa."

"Hapa bwana yenu anasema makumi munane na kitu." Akaanza kusoma yale maneno yangu, na karani yule mpole wa Likasi, Mungu ambariki, alikuwa hakuacha hata moja. Alinibeba mgongoni. Asubuhi ananipikia uji. Jioni ananiogesha. Kila sentensi Mama Shefu alisimama, akamtazama Mujinga, akanitazama mimi, urefu na kilo zangu, akasoma nyingine. Mama wa Angola alikuwa anatafsiriwa na Mzambia mmoja, kwa hiyo yeye alicheka baada ya wengine, peke yake, na hilo lilinichoma zaidi.

"Munamubebaka kweli?" Mama Shefu akauliza.

"Sasa njo namubeba, Shefu," Mujinga akasema. "Lakini si mu mugongo. Kwabo Tanzania, bibi ni nkambo. Balimuuliza bibi yake, yeye akalilia nkambo yake."

Halafu Mama Shefu akaweka faili chini, akafunika uso kwa mikono miwili, mabega yakatikisika. Alipojifunua, kamba ya miwani ilikuwa imekatika.

Nikadhani yameisha. Hayakuisha. Akachukua cheti cha Panda, akakiinua kwenye mwanga. "Na hii V ya pili, ni nani alikula?"

Nikaeleza utepe, sindano, mshono. Akavigeuza vidole vyangu, ambavyo wino ulikuwa bado haujatoka, akatikisa kichwa, akakikubali. Kisha akasema: faili lililofungwa kwa kifo halifunguliwi. Hakuna muhuri wa kufufulia. Njia ni moja, kuanza faili jipya, na faili jipya linataka mke mwenyewe atamke, mbele yake, kwamba anamchukua mgeni huyu juu yake: akiugua ni wake, akikosa makao ni wake, akiharibu jambo ataulizwa yeye. Bila hivyo, siku zilizobaki ni nane, basi.

"Kwa hiyo, mama, nakuuliza weye. Unamukamata?"

Swali kama hilo Mujinga aliwahi kuulizwa kanisani, Panda, akajibu kabla mchungaji hajamaliza. Sasa alikuwa anafikiri. Niliona anapiga hesabu ambayo mimi nilikuwa tarakimu moja tu ndani yake: mama na miguu yake, nyumba, soko, na mwanamume wa kidato cha nne asiyeuliza. Hakuna mtu aliyecheka pale bencheni.

"Ninamukamata," akasema. "Lakini muandike pale chini: mbele ya kutia sahihi, atauliza."

"Hiyo haiko mu sheria, mama."

"Muandike tu, Shefu."

Mama Shefu alinitazama kama mtu anayepima kitambaa. Halafu akaandika, kwa mkono, kwa Kifaransa, mstari mzima chini ya fomu. Akanisogezea kalamu.

Nikaichukua. Nikaikaribia karatasi. Halafu nikamgeukia mke wangu. "Hapa wameandika nini?"

"Ona!" Mama Shefu akapiga meza. "Inaanza kutumika."

Mujinga akanisomea mstari kwa mstari, kwa sauti, mbele ya Mgiriki na Wazambia na mama wa Angola. Ilichukua muda. Nikasaini mwisho kabisa, sahihi fupi, bila mkia. Nikagongewa kibali cha mwaka mmoja, kama mume wa mtu aliye hai. Na kwa kuwa kamba ya miwani ya Mama Shefu ilikuwa imekatika kwa ajili yangu, nikaomba niishone. Nikaishona palepale.

Alhamisi, kurudi. Lori safari hii lilibeba unga, nasi wote wawili tulikaa juu, tukafika Panda tumekuwa weupe kama mikate. Lwisha yule askari kijana alikuwepo. Nikampa kibali kipya, akasoma, akaturudishia. "Sasa tena hapana kufa," akamwambia Mujinga. Njia ile ile iliyonitisha juzi ilikuwa fupi. Mujinga alisinzia kichwa begani kwangu, na kila shimo lilipotuinua alisema, bila kufumbua macho, "Polepole, nkambo." Jina hilo limenikaa. Mpaka leo nikigombana naye ananiita nkambo, na mimi naitika.

Wenzangu mtakaofuata wake zenu ng'ambo, niliyojifunza ni haya, nanyi mkitaka yachukueni. Kiswahili ni kimoja, lakini kina nyumba nyingi, na maneno yaleyale yanalala vyumba tofauti. Msijidai kwamba mnaelewa kwa sababu sauti mnaijua. Na kitu cha pili: mke anayesoma usichosoma usimwache nyumbani siku ya kusaini. Nilidhani kumwomba aje ni kujipunguza. Kumbe nilikuwa nimeshapungua, kama zile suruali.

Mama mkwe tulimkuta amekaa nje, miguu juani, anacheka. Alitaka asimuliwe mara mbili. Cherehani ilikuwa salama, imefunikwa na kitenge cha Mama Ngalula. Yeye mwenyewe alikuwa jikoni kwake, nikamfuata nimwonyeshe kibali. Na kwa kuwa mimi ni mimi, nikaanza kunung'unika. Mwaka mmoja tu, nikamwambia. Tabu yote ile, makaa, aibu, benchi zima linanicheka, na baada ya mwaka nirudi kulekule kuomba upya. Hivi mimi nitakuwa mgeni mpaka lini?

Mama Ngalula asili yake ni Kasai, mkoa mwingine wa nchi ileile. Babu yake aliletwa kuchimba shaba kabla nyumba za Panda hazijajengwa. Miaka michache kabla sijafika, watu wa asili yake walifukuzwa Likasi, wakalala stesheni majuma kusubiri treni ya kuwapeleka "kwao", ambako wengi hawakuwahi kukanyaga. Yeye alibaki kwa sababu mume wake ni wa palepale. Hayo niliyajua. Sijui yalikuwa yamekwenda wapi wakati ninanung'unika.

Alikuwa anasonga bukari, hakugeuka. Akasema:

"Kaka zangu batatu balizaliwa hapa, balisoma hapa, balizika baba hapa, na habakupewa ata siku moja. Weye mwaka muzima, unalia? Toka mu mulango, unanizibia mwangaza."